Silika dhidi ya unyevu wa pwani: mwongozo kamili wa kuhifadhi vyeti, kamera, mbegu na korosho

Watu wengi wa Mtwara na Lindi wanavijua vile vifuko vyeupe vya silika vinavyokuja ndani ya boksi la viatu. Wanavikusanya, wanavitupia kwenye droo ya vyeti au begi la kamera, na mvua zikikatika wanakuta madoa ya ukungu palepale. Kisha lawama zinaangukia kifuko: ni feki, hakifanyi kazi.

Mara nyingi kifuko hakina kosa. Kilikuwa kimeshajaa maji kabla hakijafika kwenye droo, na droo yenyewe haifungi. Ukishika jambo moja tu kwenye mwongozo huu, lishike hili: chombo kisichopitisha hewa ndicho kinachohifadhi mali yako. Silika kazi yake ni kumalizia unyevu uliobaki ndani ya chombo hicho.

## Silika ni kitu gani

Silika ni muungano wa silikoni na oksijeni. Mchanga wa kawaida wa kujengea, kokoto za kwatzi na kioo cha dirisha vyote vina silika kwa wingi. Imo kwenye dawa ya meno, ambako husaidia kusugua, na huongezwa kidogo kwenye viungo vya unga ili visigandane. Pumba za mpunga zikichomwa vizuri, sehemu kubwa ya majivu yake ni silika.

Iliyomo kwenye vifuko ni silika jeli. Imetengenezwa kiwandani ikabaki na vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Kwa sababu ya vitundu hivyo, gramu moja ina eneo la ndani la mamia ya mita za mraba, na maji ya hewani hujishika humo. Punje zenyewe hubaki kavu mkononi hata zikiwa zimejaa, ndiyo maana huwezi kujua hali yake kwa kupapasa. Mchanga nao una silika, lakini hauna vitundu hivyo, kwa hiyo usiujaze kwenye soksi ukatarajia matokeo yaleyale.

## Vifaa vya kuandaa

- Silika jeli. Vifuko vya kuokoteza vinatosha kwa kamera moja. Kwa vyeti vya familia au mbegu, nunua punje za kupima, angalau nusu kilo.
- Chombo chenye mfuniko wa mpira: kopo la kioo la kubana kwa waya, deli la plastiki lenye vibanio pande nne, au ndoo yenye pete ya mpira kwenye mfuniko.
- Mizani ya jikoni ya kidijitali inayosoma gramu moja moja.
- Kipima unyevu kidogo cha kidijitali.
- Sufuria mbili, moja iingie ndani ya nyingine, na mchanga mkavu. Sufuria ya ndani iwe ya silika tu, isirudi jikoni.
- Jiko la mkaa, au oveni kama unayo.
- Kitambaa chepesi cha pamba cha kushonea vifuko, na chupa kavu yenye kizibo kinachobana.

Kama fedha haitoshi, anza na chombo na mizani. Kipima unyevu kitafuata.

## Hatua ya 1: Hakikisha ulichonacho ni silika

Si kila kifuko kilichoandikwa usile kina silika. Vile vinavyowekwa kwenye vyakula vya pakiti mara nyingi vina unga wa chuma wa kunyonya oksijeni. Sogeza sumaku: kifuko kikivutwa, hicho ni chuma, hakikaushi kitu. Vile vikopo vya kabatini vinavyojaa maji chini vina kloridi ya kalsiamu. Vinavuta unyevu kwa nguvu, lakini maji yake ya chumvi yakimwagika huharibu karatasi na kutia kutu. Silika jeli huonekana kama punje ngumu, za mviringo au zilizopasuka, zinazong'aa kama kioo.

Zipo punje zenye rangi inayobadilika. Za chungwa kwa kawaida hugeuka kijani zikijaa, na za bluu hugeuka waridi. Za bluu hutiwa kloridi ya kobalti, ambayo ni sumu na inahusishwa na saratani. Usiziweke karibu na chakula, wala na mbegu ambazo watoto wanaweza kuzitafuna. Nunua nyeupe, na ukitaka alama ya rangi changanya chache za chungwa.

Kwa kifuko kilichoandikwa uzito, tumia mizani. Kikiandikwa gramu 50 nawe ukasoma 62, kuna gramu 12 hivi za maji ndani, na hakina nafasi kubwa iliyobaki. Vifuko vilivyozagaa nyumbani Mtwara vihesabu kuwa vimejaa mpaka mizani iseme vingine.

## Hatua ya 2: Jaribu chombo kabla ya kukiamini

Weka karatasi ya chooni iliyo kavu ndani ya chombo, funga, kisha kizamishe kwenye beseni la maji na ukishikilie chini kwa dakika moja. Mapovu yakitoka mfululizo kwenye ukingo, hewa inapita. Kitoe, kifute vizuri, fungua uangalie karatasi. Ikiwa kavu kabisa, chombo kimefaulu.

Ndoo za rangi zilizooshwa hufaulu mara nyingi kama pete ya mpira haijakatika. Begi la zipu, droo, kabati la mbao na sanduku la bati havifaulu. Kuweka silika ndani ya kabati la nguo ni sawa na kujaribu kukausha bandari nzima, kwa sababu hewa mpya inaingia usiku na mchana.

## Hatua ya 3: Kausha silika yenyewe

Hapa ndipo wengi wanaporuka, na hapa ndipo kazi inapoharibikia.

Silika iliyojaa hurudi kazini ikipashwa moto wa nyuzi 120 hadi 150 za Selsiasi kwa saa mbili au tatu. Punje za chungwa zisizidi 120, maana rangi yake huungua. Jua la mchana juu ya bati halifiki huko. Linatoa sehemu ya maji tu, na jua likishuka upepo wa bahari unayarudisha.

Kwanza, fungua vifuko vya plastiki umwage punje. Plastiki itayeyuka, na hata kifuko cha karatasi kinaweza kuwa na gundi isiyohimili moto. Punje utazishonea vifuko vipya vya pamba baadaye.

Mwenye oveni atandaze punje kwenye trei, unene usizidi sentimita mbili, na kila nusu saa afungue mlango kidogo mvuke utoke.

Mwenye jiko la mkaa afanye hivi. Weka mchanga mkavu, kina cha vidole viwili, kwenye sufuria kubwa. Weka sufuria ndogo yenye punje juu ya mchanga huo. Tumia mkaa uliokwisha kushika, usio na ndimi za moto, kiasi kile mtu anachokipunguza akioka keki. Mchanga unasambaza joto, vinginevyo punje za chini zitaungua huku za juu zikiwa bado na maji. Acha bila kufunika na ugeuze kwa mwiko kila baada ya dakika kumi. Fanya kazi hii nje au kwenye banda lenye hewa.

Kama huna kipimajoto, weka kipande cha karatasi nyeupe katikati ya punje. Kikianza kuwa kahawia, moto umezidi, punguza mkaa. Usijaribu joto kwa kunyunyizia maji kwenye punje: zitapasuka kwa mlio na kuruka usoni.

Utajuaje zimekauka? Pima uzito, rudisha motoni nusu saa, pima tena. Uzito usipopungua, maji yamekwisha. Hiki ndicho kipimo cha kuaminika kuliko rangi au saa.

Zikiwa bado na joto la kushikika, zimimine kwenye chupa kavu na ufunge kizibo. Usiziache kwenye sinia mpaka asubuhi. Punje zilizokaushwa vizuri na kuachwa wazi usiku wa Machi hapa pwani huanza kunywa hewa mara zinapopoa, na mkaa wako umepotea bure.

## Hatua ya 4: Kausha mali kwanza kwa njia ya kawaida

Silika ni ghali kuliko jua na upepo. Maji mengi yaondoke bure, silika imalizie.

Vyeti, hati za shamba na picha usivianike juani, wino hupauka. Vitandaze chumbani mchana wa siku isiyo na mvua, feni ikipuliza juu yake, kila karatasi peke yake. Cheti cha shule kilichopigwa laminesheni kiangalie pembeni: ukiona vumbi la kijivu au madoa ya njano yanayotambaa kutoka ukingoni, unyevu uko ndani, na silika ya nje haitaufikia upesi. Kiweke mbali na vingine mpaka upate nakala.

Karatasi zenye ukungu zifute nje ya nyumba kwa brashi laini, ukiwa umefunga barakoa. Usizichanganye na zilizo safi.

Mbegu za bamia, mchicha, nyanya au ufuta zianike kivulini kwenye upepo, juu ya mkeka au turubai. Kuna jaribio zuri la kujua kama zimefikia hatua ya kuingia kwenye chombo. Tia mbegu kwenye chupa kavu kabisa ya kioo, ongeza chumvi kavu kidogo, tikisa, iache dakika kumi na tano. Chumvi ikigandamana kwenye kuta za chupa, mbegu bado ni mbichi. Ikidondoka yote chini, endelea.

## Hatua ya 5: Pima kiasi

Watu huuliza "vifuko vingapi?" Jibu linategemea maji yako wapi, na maji hayako mahali ambapo wengi wanafikiri.

Chukua ndoo ya lita 20 iliyojaa hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80. Maji yaliyomo kwenye hewa hiyo ni karibu nusu gramu. Ni kidogo sana, kifuko kimoja cha gramu 5 kinayamaliza. Sasa tia kilo moja ya karatasi zilizokaa kwenye hewa ya pwani. Karatasi hizo peke yake zinaweza kubeba gramu 80 hadi 100 za maji. Kuzishusha zifikie hali salama lazima uondoe gramu 40 hivi.

Silika jeli nzuri, katika unyevu wa wastani tunaoutaka ndani ya chombo, hubeba karibu robo ya uzito wake. Kwa hiyo gramu 40 za maji zinahitaji gramu 160 za silika. Weka 200 upate nafasi ya hewa inayopenya. Vifuko vitatu vya viatu vyenye gramu 2 kila kimoja havikaribii hesabu hiyo, hata vikiwa vipya.

Viwango ninavyovishauri:

- Vyeti na hati: gramu 200 kwa kila kilo ya karatasi.
- Kamera na lenzi katika deli la lita 10: gramu 100. Vyuma na vioo havibebi maji, ila mkanda na begi hubeba. Begi libaki nje.
- Mbegu: uzito wa silika ulingane na uzito wa mbegu. Robo kilo ya ufuta kwa robo kilo ya silika.
- Korosho zilizobanguliwa na kukaangwa: gramu 10 kwa kopo la nusu kilo, ziingie zikiwa tayari kavu na zimepoa.

Kama huna mizani, kikombe cha mililita 250 kilichojaa punje hubeba takriban gramu 180 hadi 200.

Mfanyabiashara wa korosho ghafi asipoteze fedha hapa. Gunia la kilo 80 lenye unyevu wa asilimia 12, ukitaka lishuke hadi 9, unatakiwa kuondoa zaidi ya kilo mbili na nusu za maji. Hiyo ni zaidi ya kilo kumi za silika kwa gunia moja. Korosho ghafi zianikwe juani na kugeuzwa mpaka zigonganishwapo zitoe mlio mkavu, kisha zipangwe ghalani juu ya chaga, mbali na ukuta.

## Hatua ya 6: Funga na usome

Gawa silika kwenye vifuko vya pamba vya gramu 50 hadi 100, vikae juu na chini ya mali, visigusane na picha moja kwa moja. Vumbi lake hukwaruza lenzi, kwa hiyo vifuko vya kamera vishonwe mara mbili. Weka kipima unyevu ndani, uso wake uonekane kwa nje.

Vipima vya bei nafuu hudanganya. Kihakiki kabla ya kukitumia: jaza chumvi kwenye kizibo cha chupa, idondoshee maji mpaka iwe kama uji mzito, kisha ifungie pamoja na kipima kwenye kopo dogo lisilopitisha hewa, visigusane. Baada ya muda wa saa nane au zaidi kinatakiwa kusoma asilimia 75. Kikisoma 82, kumbuka kutoa 7 kila unapokisoma.

Unyevu unaotakiwa:

- Vyeti, vitabu na picha: asilimia 35 hadi 50.
- Kamera na lenzi: 40 hadi 50. Kuvu ya lenzi hustawi unyevu ukikaa juu ya 65 hadi 70.
- Mbegu za muda mrefu: chini ya 30.

Kipima kikishuka siku ya kwanza kisha kikapanda polepole, karatasi zinaendelea kutoa maji, ni kawaida. Ongeza silika. Kikishuka kisha kikapanda haraka mpaka kulingana na chumba, chombo kinavuja. Rudi hatua ya 2.

Mbegu zikae na silika siku saba. Baada ya hapo zihamishie kwenye chupa nyingine inayobana. Jamii ya kunde, yaani mbaazi, kunde na karanga, usiziache zaidi, zikikauka mno huwa ngumu kunywa maji zinapopandwa au hupasuka. Mbegu za embe, fenesi na parachichi usizikaushe kabisa. Hufa zikikosa maji, zipandwe mapema.

Mbegu iliyokaushwa vizuri huishi muda mrefu sana kuliko ya kwenye mfuko. Wataalamu wa mbegu hutumia kanuni ya makadirio kwamba kila asilimia moja ya unyevu inayopungua ndani ya mbegu hukaribia kuongeza umri wake maradufu. Mkulima wa Ruangwa au Nachingwea anayevuna ufuta katikati ya mwaka na kupanda mvua zinapokuja ana kila sababu ya kuweka akiba yake hivi.

## Hatua ya 7: Ratiba

Mvua zetu za kusini huanza kati ya Novemba na Desemba na kukatika Aprili au Mei. Kausha silika yote Oktoba, mkaa na jua vikiwa upande wako. Katikati ya mvua soma kipima kila wiki. Kikivuka 55 kwenye vyeti, badilisha vifuko kwa vile vilivyokaushwa na kuhifadhiwa kwenye chupa, na hivyo vilivyojaa virudi motoni.

Ukihitaji cheti, fungua, chukua, funga. Kufungua mara moja kunaingiza nusu gramu tu ya maji. Kinachoharibu ni kuacha mfuniko pembeni wakati unatafuta mashine ya nakala mjini.

## Vitu vya kuangalia kwa makini

Vinyago vya mpingo usiviweke na silika. Mti mzito kama huo ukikaushwa ghafla, nje husinyaa kabla ya ndani, na ufa hupita usoni mwa kinyago. Ngoma zilizowambwa ngozi nazo hivyohivyo. Hivi vinataka chumba chenye hewa ya kupita na kufutwa vumbi mara kwa mara.

Simu iliyoanguka majini izimwe mara moja, itolewe kadi na kifuniko, ifutwe, ndipo iwekwe kwenye kopo lenye silika ya kutosha, gramu 200 au zaidi, kwa siku mbili au tatu. Usiichaji katikati. Mchele hausaidii kama watu wanavyosema, na wanga wake huingia kwenye tundu la chaji. Kama ni maji ya bahari, peleka kwa fundi siku hiyohiyo, kwa sababu chumvi hubaki ndani ikila vyuma hata maji yakikauka.

## Usalama

Punje za silika jeli nyeupe hazina sumu, lakini zinaweza kumkaba mtoto mdogo. Hifadhi chupa juu. Zikimwagika, fagia zote, maana kwenye sakafu ya saruji huteleza vibaya. Mwaga punje polepole, usivute vumbi lake.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye silika ya fuwele, ile ya mchanga na mawe. Anayekata matofali au vigae kwa mashine, anayevunja kokoto au kutoboa zege anavuta vumbi jembamba linaloganda kwenye mapafu na kuyaacha na makovu yasiyopona. Ugonjwa huo huitwa silikosisi, na vumbi hilo limethibitishwa pia kusababisha saratani ya mapafu. Kitambaa mdomoni hakizuii chembe hizo. Lowesha unachokata, simama upande upepo unakotoka, vaa barakoa ya vumbi inayobana uso, na ukimaliza osha nguo za kazi bila kuzikung'utia ndani ya nyumba.